Embe la kukata, embe la kukamua: mwongozo kamili wa kupanda, kuchagua na kuandaa aina za maembe

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu maembe ni hili: "Aina gani ndiyo tamu kuliko zote?" Huwa najibu kwa swali jingine: unataka kulifanyia nini? Embe linalokatika vipande safi mezani laweza kuwa zito mno kwa kukamua. Lile linalojaza jagi la juisi yenye harufu ya kuita majirani, ukilitafuna litakuachia nyuzi kwenye meno hadi jioni. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye sahani, halafu unarudi shambani.

Jua unalolitaka kabla ya kushika jembe

Maembe karibu yote tunayokula ni ya spishi moja, Mangifera indica, lakini tabia zake hutofautiana kama watoto wa tumbo moja. Mambo manne ya kutazama ni nyuzi, maji, unene wa kokwa na muda embe linaoweza kukaa baada ya kuchumwa.

Kwa kula kwa kisu, tafuta aina zisizo na nyuzi. Kent ina nyama laini yenye maji na hukatika vizuri, ila ganda lake hubaki na kijani kingi hata likiwa limeiva, ndiyo maana wengi huliacha sokoni wakidhani ni bichi. Keitt nayo hubaki kijani, ni kubwa, na huchelewa kupevuka kuliko nyingi, hivyo inafaa kwa mtu anayetaka kurefusha msimu wake. Ngowe ni ndefu yenye ncha iliyopinda, haina nyuzi za kusumbua. Ataulfo ya Meksiko ni ndogo, ya manjano, kokwa lake ni jembamba kama kipande cha mbao, kwa hiyo nyama unayoipata ni nyingi kuliko umbo linavyoonyesha. Alphonso ya India inapendwa kwa harufu na rangi nzito ya nyama, lakini ina ugonjwa wake: nyama ya ndani hugeuka kuwa kama sponji nyeupe isiyo na ladha, na kwa nje huoni kitu.

Nam Dok Mai ya Thailand ina sifa ambayo si kila embe linayo: huliwa likiwa bichi na likiwa bivu, na pande zote mbili ni nzuri. Boribo ni refu, nyama yake ina rangi ya chungwa iliyokolea na ladha kali. Mimi hulipenda kwa juisi. Dodo ni kubwa na huwashibisha wengi. Sindano ni dogo na jembamba. Hilo unalifinya kwa vidole mpaka lilegee, unatoboa ncha, unanyonya. Kisu hakihitajiki.

Tommy Atkins ina kisa chake. Lilitoka Florida, na katika miaka ya 1950 wataalamu wa maembe wa huko walilikataa mara kadhaa kwa sababu ya nyuzi na ladha ya kawaida. Wakulima walilipanda hata hivyo, kwa kuwa lina rangi nyekundu ya kuvutia, huzaa sana, huvumilia magonjwa na halipondeki njiani. Leo ni mojawapo ya maembe yanayosafirishwa zaidi duniani. Kama umewahi kununua embe zuri jekundu dukani ukajiuliza utamu umekwenda wapi, huenda ulikutana nalo.

Kokwa au mche wa kubebesha?

Miaka mingi iliyopita nilikula embe lililonifanya nifunge macho. Nikalisafisha kokwa, nikalipanda, nikalimwagilia kama mtoto. Mti ulichukua miaka saba kuzaa, na embe la kwanza lilikuwa nyuzi tupu zilizochovywa kwenye maji ya sukari. Sikujua wakati ule kwamba maembe yamegawanyika makundi mawili kwa namna mbegu zao zinavyoota.

Kundi la kwanza, ambalo chimbuko lake ni hasa India, lina mbegu yenye kiinitete (chanzo cha mche) kimoja kilichotokana na uchavushaji. Mche wake ni mchanganyiko wa baba na mama, na hauwezi kutabirika. Alphonso, Kent, Keitt, Haden na Tommy Atkins wako humu. Kundi la pili, lenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, hutoa vichipukizi viwili, vitatu au zaidi kutoka kokwa moja, na vingi kati yake ni nakala ya mti mama. Nam Dok Mai, Ataulfo na Kensington Pride ya Australia ni wa kundi hili. Kwa hao unaweza kupanda kokwa ukatarajia embe lilelile, ilimradi uondoe kile kichipukizi kinyonge, kwa kuwa mara nyingi ndicho kilichotokana na uchavushaji.

Bahati nasibu ya kundi la kwanza huweza kulipa. Mwaka 1902 Kapteni John J. Haden alipanda makokwa ya embe la Kihindi liitwalo Mulgoba huko Florida. Mti mmoja kati ya hayo ulizaa mwaka 1910 embe jekundu lenye umbo zuri, likapewa jina lake, na Tommy Atkins ni wa ukoo huo. Lakini kwa mtu mwenye nafasi ya miti miwili tu nyuma ya nyumba, bahati nasibu ya miaka minane si mpango. Nunua mche uliobebeshwa, yaani wenye kitawi cha mti bora kilichounganishwa kwenye shina lake. Huo huanza kuzaa mwaka wa tatu hadi wa tano, na unajua jina la kitakachotoka.

Ukienda kitaluni, tazama mambo haya: kovu la kubebesha liwe limefunga vizuri, shina liwe limenyooka, majani yawe ya kijani bila madoa meusi, na mizizi isiwe imejizungusha chini ya mfuko kama kamba. Mche mrefu sana kwenye mfuko mdogo si fahari. Umekaa humo kupita muda wake.

Kubebesha mwenyewe

Si kazi ya kichawi, ila inataka usafi na mkono wa haraka.

Anza na kokwa fresh. Mbegu ya embe haivumilii kukauka, na ikikaa wiki chache tu hupoteza uhai. Osha kokwa, lianike kivulini siku moja, kisha lipasue kwa uangalifu kwenye ukingo wake kwa mkasi wa kupogolea na utoe mbegu iliyo ndani. Ukikuta mbegu imetobolewa au ina unga mweusi, tupa. Fukusi wa kokwa alitangulia. Panda mbegu nzima upande uliopinda ukitazama juu, kina cha sentimita 2 hadi 3, kwenye mfuko mrefu wenye udongo unaopitisha maji. Huota ndani ya wiki mbili hadi nne.

Mche ukifikia unene wa penseli, yaani kati ya miezi sita na mwaka, uko tayari. Sasa nenda kwenye mti bora unaoujua matunda yake. Chagua kitawi cha ncha chenye unene sawa na mche wako, kilichokomaa lakini bado hakijachipua. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata, ondoa majani yake yote ukiacha vikonyo vya majani. Vichipukizi vya ncha vitavimba, na kuvimba huko ndiko kunakoharakisha kushika. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15.

Kata kichwa cha mche kwa kisu kikali kilichosafishwa kwa spiriti, kwenye kimo cha sentimita 20 hivi. Pasua katikati ya shina kwenda chini sentimita 3 hadi 4. Chonga kitako cha kitawi pande zote mbili kiwe kama kabari, kwa mkato mmoja kila upande, bila kukwaruzakwaruza. Kichomeke. Jambo la kushikilia hapa ni kwamba ile tabaka ya kijani iliyo chini ya gome la kitawi lazima iguse ya mche walau upande mmoja. Vikipishana, unafunga ubao kwenye ubao. Funga kwa utepe wa plastiki kwa kubana, funika kitawi kwa kimfuko chembamba cha plastiki, weka kivulini. Kikichipua baada ya wiki tatu au nne, toa kimfuko taratibu. Utepe hukaa mpaka kovu lishike. Kila kinachochipua chini ya kovu kitoe bila huruma, maana ni mche wa zamani unaotaka kurudisha ufalme wake.

Mikono ya kwanza huharibu zaidi kuliko inavyofanikiwa. Bebesha miche kumi ukitaka mitatu.

Shimo, nafasi na miaka mitatu ya kwanza

Mwembe hupenda jua la siku nzima na udongo wenye kina usiotuamisha maji, wenye uchachu wa kati ya pH 5.5 na 7.5. Hustahimili ukame kuliko unavyostahimili miguu kuloa. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, ukitenga udongo wa juu. Changanya udongo huo na debe moja la samadi iliyooza vizuri, rudisha shimoni, na uache wiki mbili au tatu udongo ukae. Panda mwanzoni mwa mvua, kovu la kubebesha likiwa juu ya ardhi. Aina zenye mwili mkubwa zipe mita 10 kati ya mti na mti. Ukidhamiria kupogolea kila mwaka, mita 5 hadi 6 zinatosha.

Tandaza nyasi kavu kuzunguka mche, ila zisiguse shina. Mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki mpaka uzoee. Shina likifika mita 1, kata ncha ili litoe matawi, kisha bakiza matatu au manne yaliyotazama pande tofauti. Hapo ndipo unapoamua kama utachuma maembe yako ukiwa umesimama chini au ukiwa juu ya ngazi. Mti ukitoa maua mwaka wa kwanza au wa pili, yatoe. Inauma, najua, lakini mti mchanga ukibeba matunda huacha kukua.

Maua, na wanaoyangoja

Mwembe unahitaji kubanwa kidogo ndipo uchanue. Kipindi cha ukavu au cha usiku wenye baridi huusukuma kutoka kwenye kuotesha majani kwenda kwenye kutoa maua. Kwa hiyo punguza au simamisha kabisa kumwagilia mti mkubwa miezi miwili kabla ya majira ya maua, na usiupe mbolea ya naitrojeni wakati huo, la sivyo utapata kichaka kizuri kisicho na kitu. Rudisha maji matunda yakifikia ukubwa wa njegere. Mbolea na kupogolea vingoje baada ya mavuno.

Kishada kimoja huweza kuwa na mamia hadi maelfu ya maua, na kikiishia na maembe mawili matatu usilie. Mengi ya maua hayo ni ya kiume, na mengine huanguka tu. Nzi wa kawaida ndio wachavushaji wakubwa, pamoja na nyuki, kwa hiyo usipulize sumu ya wadudu mti ukiwa umechanua. Tena kuna aina, Alphonso miongoni mwake, ambazo huzaa sana mwaka huu na kupumzika ujao. Si ugonjwa.

Magonjwa mawili huwinda maua. Ubwiri unga huyapaka vumbi jeupe kisha huyakausha. Hupenda hali kavu yenye usiku wa baridi, na dawa za salfa hulizuia zikipulizwa mapema, vishada vinaporefuka. Chule huja na mvua: madoa meusi kwenye maua, majani na baadaye kwenye embe, ambako hujificha na kutokea embe likiiva nyumbani kwako. Dawa za kopa husaidia, lakini mti uliopogolewa mpaka ndani pakapita upepo na mwanga una nafuu kubwa kabla hujafungua chupa yoyote.

Nzi wa matunda hutaga mayai chini ya ganda, na funza wake ndio wanaogeuza embe zuri kuwa uji. Tundika mitego yenye kivutio cha methili eujeno kuwanasa madume. Okota maembe yaliyoanguka kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na uuache juani mpaka funza wafe. Kuyatupa kwenye rundo la takataka ni kuwalisha. Kwa miti michache nyumbani, kuvisha kila embe mfuko wa karatasi likiwa na ukubwa wa yai hakuna mpinzani. Na kama sisimizi waitwao majimoto wamejenga viota vya majani mtini, fikiria mara mbili kabla ya kuwachoma: huwasumbua nzi na wadudu wengine kuliko dawa nyingi. Wao wanauma, kweli. Chuma asubuhi na mapema.

Kupevuka si kuiva

Kiswahili kina maneno mawili hapa, na kila moja lina kazi yake. Embe lililopevuka limemaliza kukua. Likichumwa litaiva lenyewe. Embe changa likichumwa litalegea na kunyauka, lakini utamu hautakuja kamwe. Mabaya mengi ya embe huanzia kwa mtu aliyelichuma wiki mbili kabla.

Tangu kuchanua hadi kupevuka ni siku 100 hadi 150 kutegemea aina. Usitazame wekundu: huo ni wa upande uliopigwa jua tu. Tazama mabega. Embe likipevuka, mabega yake hunyanyuka na kupita pale kikonyo kinapoingia, mashavu hujaa, na kijani kibichi hupauka kidogo. Ukiwa na shaka, pasua moja: nyama iliyo karibu na kokwa iwe imeanza umanjano, na ganda la kokwa liwe gumu.

Angua kwa upembo wenye mfuko, usitikise matawi. Embe lililodondoka hata kimo cha mtu limevilia ndani. Kata ukiacha kikonyo cha sentimita 5 au zaidi, kwa sababu ukikivunja kwenye shingo, utomvu hufoka kwa nguvu na kuunguza ganda. Madoa hayo meusi yanayotiririka hayafutiki. Halafu kata kikonyo kifikie sentimita 1 na uliinamishe embe kichwa chini kwenye chekeche kwa nusu saa lichuruzike. Utomvu huo huwasha ngozi pia. Mwembe ni wa jamii moja na mkorosho, na mtu anayevimba kwa utomvu wa ganda la korosho avae glavu na amenyewe embe lake na mwingine.

Kabla ya kuyahifadhi, maembe yaliyopevuka yakizamishwa kwenye maji ya nyuzijoto 52 za Selsiasi kwa dakika 5, kisha yakapoozwa, chule hupungua sana. Tumia kipimajoto, maji ya kukisia hupika embe.

Kuchagua sokoni na kuvundika

Ukinunua, acha macho, tumia pua. Nusa karibu na kikonyo: embe bivu lina harufu pale hata kama ganda ni kijani. Bonyeza kwa kiganja, si kwa kidole gumba (wenye duka watakushukuru). Linganisha uzito wa mawili yenye ukubwa sawa, chukua zito. Ataulfo ikianza kukunjamana kidogo ndipo imefika kilele. Aina nyingine zikikunjamana, aghalabu zilichumwa changa.

Kuvundika ni rahisi: panga maembe yaliyopevuka kwenye boksi au mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, funika, weka mahali pa joto la kawaida, kagua kila siku. Ndizi hutoa gesi ya ethilini inayoamsha uivaji. Kwa kawaida ni siku mbili hadi tano. Usitie kwenye friji embe ambalo halijaiva; chini ya nyuzijoto 10 hivi huumia baridi, ganda huingia madoa na nyama hubaki bila ladha. Likishaiva, friji hulitunza siku kadhaa. Kabidi ya kalsiamu inayotumiwa na wenye haraka hupaka ganda manjano wakati ndani bado ni gozigozi, tena huweza kuwa na chembe za sumu ya aseniki. Embe la namna hiyo hujitangaza lenyewe: rangi sawasawa kila mahali, harufu hakuna.

Kisu

Kokwa la embe ni bapa, kwa hiyo kabla ya kukata, lisimamishe embe kwa kikonyo na utazame upande mwembamba. Kokwa linalala sambamba na upande mpana. Shusha kisu sentimita 1 kutoka katikati, kila upande, utapata mashavu mawili. Chora mistari ya msalaba kwenye nyama bila kutoboa ganda, sukuma ganda kutoka chini, vipande vitasimama tayari kuchotwa kwa kijiko. Kanda iliyozunguka kokwa ni ya mpishi. Hilo halijadiliwi.

Embe baridi sana hupoteza harufu, kwa hiyo litoe kwenye friji nusu saa kabla. Matone ya ndimu na chembe za chumvi huamsha hata embe lililopooza. Kwa aina zenye nyuzi, saga nyama kwa muda mfupi kisha chuja kwa chujio la chuma ukisukuma na mgongo wa kijiko. Ukisaga sana nyuzi hukatikakatika na kupita chujioni. Embe bichi la kijani, gumu, lenye uchachu, kata vijiti vyembamba kwa chumvi na pilipili, au weka kwenye achari. Hapo Keitt na Nam Dok Mai hufanya vizuri. Bichi pia lina pektini nyingi, yaani kitu kinachogandisha jemu, kwa hiyo changanya moja bichi na matatu mabivu ukipika jemu, na itaganda bila kuongezewa pektini nyingine.

Kukausha, kata vipande vya milimita 6 hadi 8 kutoka maembe mabivu ambayo bado ni magumu kidogo, vichovye kwenye maji ya ndimu, vipange bila kugusana na uvikaushe kwenye nyuzijoto 60 mpaka vikikunjwa vipinde bila kuvunjika wala kutoa maji. Ni saa 8 hadi 14. Viache vipoe kabisa kabla ya kufunga chupa. Vikifungwa na joto, mvuke hutengeneza ukungu. Yaliyoiva kupita kiasi usiyakaushe. Yamenye, yakate, yatandaze kwenye sinia ndani ya friza yagande kila kipande peke yake, ndipo uyatie mfukoni. Uandike jina la aina na mwezi juu ya mfuko, maana baada ya nusu mwaka Kent na Boribo zilizoganda hufanana, na utaharibu juisi moja au mbili kabla ya kukumbuka ipi ni ipi.